Uzito wa Chuma: Mpenzi wa Magari kama Mhakiki wa Filamu

Wapenzi wa magari ya zamani huitazama Bullitt, filamu ya mwaka 1968 iliyoongozwa na Peter Yates, huku wakihesabu. Katika mfukuzano wa takriban dakika 11 kwenye vilima vya San Francisco, Dodge Charger nyeusi ya wauaji hudondosha vifuniko vya magurudumu zaidi ya 4, ilhali magurudumu yenyewe ni 4. Volkswagen moja ya kijani hupitwa, kisha hupitwa tena na tena. Ford Mustang anayoiendesha Steve McQueen ina gia 4, lakini sikio husikia gia zikipandishwa mara nyingi kuliko hizo.

Ni rahisi kuudharau uhakiki wa aina hii na kuuita ubishi wa gereji. Hata hivyo, msikilizaji aliyelelewa kwenye tenzi hushtuka mizani inapopungua, kabla hajaulizwa maana ya ubeti. Aliyezoea kulala chini ya gari huisikia giaboksi vivyo hivyo. La kuulizwa ni kwa nini mashabiki hao, wenye orodha ya dosari zote, bado huipa Bullitt nafasi ya juu.

Jibu limo katika kutofautisha makosa. Volkswagen hujirudia kwa sababu mteremko mmoja ulipigwa picha kutoka pembe kadhaa, na mhariri Frank P. Keller, aliyetunukiwa tuzo ya Oscar kwa kazi hiyo, akaunga vipande kwa kufuata kasi badala ya ramani. Kosa hilo ni la hesabu. Kuhusu uzito, filamu haidanganyi: Mustang ikiruka kilele cha barabara hutua kwa kishindo, springi zikajikunja, mkia ukayumba. McQueen anapitiliza kona, anarudi nyuma katika moshi wa matairi, na kipande hicho hakikukatwa. Muziki wa Lalo Schifrin hunyamaza, injini zikaachiwa uwanja.

Kinyume chake ni tamthilia ya televisheni The Dukes of Hazzard (1979–1985). Charger ya rangi ya chungwa huruka mito, hutua, kisha huendelea na safari kana kwamba haikuguswa. Nyuma ya pazia, miruko hiyo ilipinda bodi na kuangamiza magari kwa mamia. Mashabiki huyalilia kwa kuwa leo ni adimu. Lakini hoja yao nzito zaidi ni kwamba hadithi iliyaficha majeraha.

Hoja hiyo ndiyo inayofichua upungufu wao. Mfukuzano wa Bullitt unaishia kwenye moto unaoteketeza watu 2, na mazungumzo ya mashabiki hurejea haraka kwenye Charger. Filamu yenyewe haisahau: mpenzi wa mpelelezi anamhoji kuhusu ukatili aliouzoea, na mwishoni mwanamume huyo ananawa na kujitazama kiooni.

Januari 2020, mojawapo ya Mustang 2 za filamu hiyo iliuzwa mnadani kwa dola milioni 3.4 kabla ya ada, ikiwa haijakarabatiwa, mikwaruzo yake ingali palepale. Wapenzi wa magari walijua thamani ya kovu lisilofutwa. Jicho hilohilo, likiinuliwa kutoka kwenye bodi hadi kwenye uso ulio kiooni, lingeiona filamu nzima.