Kutoka Mwanza hadi Chang'ombe: Mtaa Ulivyochaguliwa

Ukihamia Dar es Salaam na familia, ndugu watakujazia majina. Mbezi Beach kuna hewa nzuri, Kimara kuna mabasi ya mwendokasi, Kigamboni viwanja bado vipo, Tabata hukosi kitu. Rafiki zangu wawili, mke na mume wenye watoto watatu, waliyasikia yote hayo walipokuwa wakijiandaa kuhama Mwanza mwishoni mwa 2023. Waliyaweka kando. Walianza na vitu viwili ambavyo wao hawakuwa na uwezo wa kuvisogeza: mke, ambaye ni muuguzi, alikuwa anakwenda kufanya kazi Hospitali ya Muhimbili, na mume alikuwa amepata kazi bandarini. Mtaa ungetafutwa kutokea hapo kwenda nje, kwa kufuata barabara.

Kitu cha kwanza walichokiona kwenye ramani ni mto. Msimbazi unatoka kwenye vilima vya Pugu na Kisarawe, unapita kati ya Vingunguti na Tabata, unashuka Kigogo na Jangwani, kisha unaingia baharini kwenye Daraja la Selander. Muhimbili na bandari viko upande mmoja wa bonde hilo. Kinondoni, Sinza, Ubungo, Kimara, Mbezi na Tegeta ziko upande wa pili. Kwa hiyo anayeishi huko na kufanya kazi mjini anauvuka Msimbazi kila asubuhi na kila jioni, hata kama hajawahi kuufikiria.

Sehemu dhaifu kuliko zote za kuvukia ilikuwa Jangwani, na ndipo inapopita njia ya kwanza ya mwendokasi, ile iliyoanza kazi 2016 kutoka Kimara kwenda Kivukoni na Gerezani. Mafuriko ya Desemba 2011 yaliua watu zaidi ya 40 jijini, na baadhi ya wakazi wa bondeni wakahamishiwa Mabwepande. Hata hivyo karakana ya mabasi ilijengwa bondeni hapohapo, nayo ikawa inaingiliwa na maji. Agosti 2023 Mamlaka ya Hali ya Hewa ilikuwa imeshatangaza kuwa El Niño inakuja. Familia ikaamua kwamba siku ya mvua kubwa ihesabiwe kama siku ya kawaida ya kazi, kwa sababu wodini hakuna likizo ya mvua. Kwa uamuzi huo mmoja nusu ya jiji ilitoka kwenye orodha. Wengi hufanya kinyume: hupima safari siku ya jua, Jumamosi saa nne asubuhi, halafu hulia Aprili.

Upande waliobaki nao kulikuwa na mengi ya kuchagua: Mbagala, Gongo la Mboto, Kigamboni na mitaa ya ndani ya Temeke. Hapa walipima kwa kuhesabu magari, na nadhani ndiyo hatua bora katika kazi yao yote. Alfajiri, kinachokula muda ni kusubiri: kila unaposhuka gari moja ili upande lingine unaanza foleni upya, na anayetoka zamu ya usiku anasubiri akiwa amechoka. Kigamboni ilimfaa mume vizuri, maana Daraja la Nyerere, lililofunguliwa 2016, linatua Kurasini, hatua chache kutoka kazini kwake. Ila mke angehitaji pantoni au daraja, kisha daladala, kisha gari jingine la kumfikisha Upanga, iliko Muhimbili. Mbagala, njia za mwendokasi kwenye Barabara ya Kilwa zilikuwa zimeshajengwa lakini mabasi yake yalikuwa hayajaja, na daladala za asubuhi watu walikuwa wanaingilia madirishani. Barabara ya Nyerere kuelekea Gongo la Mboto ilikuwa bado imechimbuliwa kwa ujenzi. Hawakukubali kupanga nyumba kwa kutegemea barabara ambayo haijaanza kutumika, nami naona walifanya vema. Ahadi ya barabara huwa imeshapandisha kodi kabla basi la kwanza halijapita.

Ikabaki Temeke ya ndani: Keko, Mtoni, Kurasini, Chang'ombe. Kuanzia hapo ramani haikuwa na msaada tena, kwa sababu mtaa mmoja una nyumba kavu na nyumba ya maji zikitazamana. Walitembea kwa miguu. Kwa mjumbe walisalimia kwanza, wakakaa, ndipo wakauliza: "Shikamoo mzee. Mvua kubwa ikinyesha, hapa maji hufika wapi?" Mjumbe hana nyumba ya kukupangisha, hivyo hana sababu ya kukuficha. Swali hilohilo walimuuliza mama wa genge na vijana wa kijiwe cha bodaboda, na majibu yalipofanana waliyaamini. Waliangalia kuta kwa chini kama zina mstari wa tope uliopakwa rangi juu yake. Waliuliza gari la majitaka hunyonya choo kila baada ya muda gani, na kama linafika mlangoni. Katika eneo la chini, shimo hujaa maji ya ardhini hata kama wapangaji ni wachache, na mvua ikija linafumuka uani ambako watoto wanacheza.

Maji ya bomba yalitaka maswali yake. Mitambo ya Ruvu Juu na Ruvu Chini, tegemeo kubwa la Dar es Salaam, huchota mto uleule mmoja, na Oktoba 2022 mto ulipopungua jiji liliwekewa mgao. Hivyo hawakuuliza kama maji yapo. Waliuliza yanatoka siku zipi, tenki ni la nani, na bili inagawanywa vipi. Kwa upande wa umeme, nyumba ambayo wapangaji wote wanatumia mita moja ya LUKU waliiacha papo hapo, ingawa ilikuwa na sebule nzuri.

Shule ilifuata. Uhamisho wa mtoto katika shule ya msingi unahitaji namba yake ya PREM na nafasi katika shule inayompokea, kwa hiyo waliomba nafasi kwanza ndipo wakaenda kwa dalali. Walitaka watoto waende kwa miguu, bila kuvuka barabara kubwa. Nimeona watoto wa darasa la pili wakipandishwa basi la shule saa kumi na moja alfajiri, macho yamefumba, ili wazazi waishi kwenye nyumba yenye uwanja. Bei hiyo ni kubwa mno, na anayeilipa hakuulizwa.

Wakaishia Chang'ombe: vyumba viwili kwa watu watano, uani kamba ya nguo tu, na siku Simba na Yanga wanapocheza Uwanja wa Mkapa magari hayasogei. Mume alitamani mchanga na minazi ya Kigamboni, na bado anaitaja. Mvua za msimu huo Jangwani ilifungwa zaidi ya mara moja. Mke alifika kazini.

Mkataba walitaka uwe wa miezi sita, si mwaka kama mwenye nyumba alivyopendekeza, ili masika yapite wakiwa bado na uwezo wa kuondoka. Dalali alichukua kodi ya mwezi mmoja, kama ilivyo desturi. Kiwanja hawajanunua, wanataka kwanza kujua mpaka wa hifadhi ya barabara, kwa kuwa waliokuwa ndani ya mpaka huo Kimara walibomolewa 2017, na wengine nyumba zao zilikuwa za ghorofa.