Hadithi ya Akhwari Haikuishia Mexico

Vijana wenzangu tunaoandika, leo tuambiane ukweli. Mwombe kijana wa Mbulu akutungie kitu kuhusu bidii, atakuletea John Stephen Akhwari. Na atamleta vilevile alivyoletewa yeye. Mji wa Mexico, tarehe 20 Oktoba 1968, mbio za marathoni za Olimpiki. Kijana wetu anaanguka, goti linateguka, anafungwa bandeji, anaendelea. Mamo Wolde wa Ethiopia ameshashinda kwa saa 2 na dakika 20. Giza linaingia, watazamaji wengi wameondoka, ndipo Akhwari anatokea akichechemea, wa mwisho, kwa saa 3 na dakika 25. Anaulizwa kwa nini hakuacha. Anajibu kwamba nchi yake haikumtuma mbali kote kule kuanza mbio tu, ilimtuma azimalize. Makofi, hadithi imekwisha.

Nami nimo. Shairi langu la kwanza liliishia hapohapo uwanjani.

Kasoro ya hadithi hii si uongo. Kasoro ni mahali tunapoikata. Mwaka 1970, katika Michezo ya Jumuiya ya Madola kule Edinburgh, Akhwari huyuhuyu alikimbia tena marathoni akawa wa tano, kwa saa 2, dakika 15 na sekunde 5. Mexico ni mji wa mlimani, hewa yake nyepesi, kwa hiyo tusilinganishe saa kwa pupa. Lakini jamani, mtu aliyeteguka goti akarudi akawa wa tano! Mbona hayumo kwenye tungo zetu?

Nadhani ni tabia yetu binadamu. Mtu anayeumia akavumilia anatuliza, tukishalia tunakwenda kulala. Mtu anayerudi mazoezini anatupa kazi ya kufanya. Tena darasani tulifundishwa kutafuta mgogoro na kilele, na mazoezi hayana kilele. Ndiyo maana Gidamis Shahanga wa Katesh, Hanang, aliyechukua dhahabu ya marathoni Edmonton mwaka 1978 na dhahabu ya mita 10,000 Brisbane mwaka 1982, hatumtungii kama tunavyomtungia aliyekuwa wa mwisho. Eti ushindi hauna maudhui!

Matokeo yake Akhwari amekuwa mhusika bapa, mtu wa sentensi moja. Na sentensi ikishatenganishwa na mwenyewe, kila mtu anaitumia atakavyo. Utaisikia jukwaani, mheshimiwa akiwahimiza wananchi wavumilie. Hapo maana imegeuzwa, bwana. Akhwari alikuwa anajidai mwenyewe: mimi ndiye niliyetumwa, mimi ndiye nimalize. Msemaji wa jukwaani anawadai wengine, na nyuma yake kuna darasa lililoishia kwenye lenta. Kama ni kumaliza, aliyetumwa kwa kura si ndiye wa kwanza kuulizwa?

Lakini tusiwacheke waheshimiwa peke yao. Sisi nasi tuna riwaya zilizokomea sura ya tatu, na hadithi zilizorudishwa na mhariri tukanuna badala ya kuziandika upya. Tunamsifu aliyemaliza kwa kalamu ambazo hazimalizi. Na tukimaliza mara moja tukaanguka, tunataka tuhurumiwe kama mashujaa. Yeye hakuomba huruma, alirudi barabarani.

Sisemi tuifute Mexico. Ilitokea, na inastahili heshima yake. Ninachosema ni kwamba msanii haruhusiwi kukomea pale kamera zilipokomea. Kati ya 1968 na 1970 kuna mwaka mmoja mzima ambao hatuuandiki: 1969. Hauna uwanja wala makofi. Una mtu aliyekuwa wa mwisho mbele ya dunia nzima, na uamuzi wa kuvaa viatu tena. Alijiambia nini asubuhi ile? Majirani walimwangaliaje?

Hiyo ndiyo hadithi ninayoingoja kutoka kwa mmoja wenu. Mimi langu nimelitoa kabatini, naliandika upya.