Makumbi Chini ya Mawe

Nazi ikishafuliwa kwenye kifuo, wengi wetu hushughulika na kilichomo ndani: tui, chicha, na kifuu cha kuchochea moto. Makumbi tunayatupa. Pwani ya kusini mashariki ya Unguja, maeneo ya Paje na Jambiani, wanawake huyakusanya, wakayabeba mpaka ufukweni, wakayazika.

Huzikwa pale maji yanapokupwa na kujaa, na juu yake hupangwa mawe ili mawimbi yasiyafukue. Kisha huachwa. Miezi mitatu ni michache. Wenye subira hufikisha sita na zaidi. Muda wote huo vijidudu hula ule ulimbo unaoshikamanisha nyuzi, lakini nyuzi zenyewe huwashinda, maana zimejaa lignini, kitu kilekile kinachoupa mti ugumu wake. Kinachooza ni kile tu kinachotakiwa kioze.

Siku ya kufukua, harufu hutangulia. Yai viza lina afadhali. Bibi niliyekaa naye Jambiani alinicheka nilipoziba pua. Alilaza kumbi juu ya jiwe, akalipiga kwa gongo fupi, akaligeuza, akapiga tena, mpaka ganda na unga vikatoka zikabaki nyuzi za rangi ya asali. Akazisuuza baharini, akazianika. Huo sasa ndio usumba.

Kusokota ndiko kulikonishinda. Mafungu mawili ya nyuzi huwekwa kati ya viganja, kikasuguliwa kiganja kimoja kwenda mbele. Kila fungu hujipinda upande mmoja, kisha yote mawili yakazungukana kwa upande wa pili. Kila moja linataka kujifungua, na huko kutaka kujifungua ndiko kunakomkaza mwenzake. Fungu likianza kuwa jembamba tu, bibi hupachika nyuzi mpya, na jicho halioni kiungo. Unywele mmoja wa usumba haufiki urefu wa rula ya shule. Kamba inakwenda pima kwa pima. Yangu ilitoka nene huku, nyembamba kule. "Usiikabe, mwanangu," aliniambia, akaifumua yote.

Kamba hii ndiyo iliyoshona mitepe, vyombo vya Wabajuni vilivyokwenda baharini bila msumari. Mmoja wa mfano uliundwa mwaka 2003 kwa ajili ya jumba la Beit al-Ajaib, mjini Unguja. Kamba hiyohiyo ndiyo iliyofunga fito za nyumba zetu na kuwambia vitanda. Leo kamba za plastiki zimeenea hata kwenye mashamba ya mwani, hatua chache kutoka kwenye makumbi. Haziozi, ni kweli. Ndiyo maana vipande vyake vimetapakaa ufukweni. Na bei anayopewa msokotaji, ukihesabu miezi ya kungoja, ni dhuluma.

Ukipita Jambiani maji yakiwa yamekupwa, ukaona mawe yamepangwa mchangani, usiyapangue. Chini yake kuna makumbi ya mtu.