Upweke wa Kijana na Urafiki Uliochelewa: Usomaji wa Maimuna katika Utengano

Wahakiki wa Utengano (1980), riwaya ya Said Ahmed Mohamed, wamezoea kumsoma Maimuna kama mwathiriwa wa ubabe wa baba yake, Maksuudi. Usomaji huo ni sahihi, lakini haujitoshelezi. Makala haya yanadai kuwa kinachomwangamiza Maimuna si kuta za nyumba peke yake, bali pia kukua bila rafiki.

Maksuudi anamfungia binti yake ndani na kumnyima shule, ilhali Mussa, kaka yake, anaruhusiwa kuujua ulimwengu. Maimuna anaingia katika ujana akiwa hana rika. Athari yake ni kubwa kuliko huzuni. Ni miongoni mwa rika ambamo kijana hujifunza kugombana na kupatana, kutunza siri, na kumtambua anayemtakia mema na mwenye lake jambo. Maimuna hakuwahi kupata mafunzo hayo.

Pengo hilo linadhihirika mlango unapofunguka. Bi Farashuu, anayeingia nyumbani kumzalisha Tamima, ana kisasi cha zamani na Maksuudi kwa ajili ya Mwanasururu. Tamima anapewa talaka, naye Maimuna anasaidiwa kutoroka. Mkono unaomtoa kifungoni umenyooshwa ili kumwumiza baba, wala si kumwokoa binti. Yeye hana kipimo cha kuupimia, hivyo anauona kuwa wa rafiki. Kwa Mama Jeni, mjini, anazungukwa na watu usiku na mchana, lakini wanaomtaka wanautaka mwili wake. Mwandishi anaonyesha hapa kwamba upweke hauondolewi na wingi wa watu.

Ulinganisho na Siku Njema (1996) ya Ken Walibora unaisaidia hoja hii. Kongowea, yatima wa Tanga, anavuka mpaka kuingia Kenya kumtafuta baba yake. Naye ni mpweke, lakini ni mvulana: amesoma, na njia iko wazi mbele yake. Tena anajisimulia mwenyewe, hali Maimuna anasimuliwa katika nafsi ya tatu. Mmoja anasafiri kumwendea baba. Mwingine anatoroshwa ili amkimbie.

Maimuna anapata utulivu kwa Kabi, na wanaoana. Kabi anamthamini licha ya aliyoyapitia, na wahenga walisema akufaaye kwa dhiki ndiye rafiki. Hata hivyo, hapa ndipo riwaya inapoyumba. Ndoa imebebeshwa kazi ambayo urafiki ungeifanya mapema zaidi. Msichana aliyetoka mkononi mwa mwanamume mmoja anaponea mkononi mwa mwingine, japo huyu ni mwema. Msomaji haoneshwi vya kutosha namna Maimuna anavyojifunza kumwamini mtu.

Suala hili si la kinadharia tu. Utengano imesomwa na vijana katika shule za sekondari za Kenya, wengi wao wakiwa katika umri unaohitaji marafiki kuliko wakati mwingine wowote. Mwalimu anayewafundisha kuwa kosa la Maksuudi ni ukali pekee anawaachia nusu ya somo. Nusu ya pili ni kwamba mzazi anayemtenga mwanawe na rika ili kumlinda humpokonya ngao ambayo angeihitaji siku ya kutoka. Ukuta wa Maksuudi haukumzuia Maimuna kutoka. Ulihakikisha tu kwamba angetoka bila kumjua mtu.