Mtu Achekwe, Mashine Isichekwe

Ukiletewa kijitabu cha katuni kinachofundisha kutunza bunduki, jenereta au pikipiki, usianze na maneno. Angalia mikono. Wa kulia umeshika nini, wa kushoto umeegemea wapi, kidole gumba kinasukuma kuelekea upande gani? Mchoraji aliyewahi kuifungua mashine hiyo mwenyewe hachori spana inayoelea hewani. Aliyenakili picha ya kiwandani huichora, na kuruta atabaki kukigeuza kijitabu juu chini akitafuta asimame upande gani.

Kazi ya kupimia nyingine zote ni ya Will Eisner, Mmarekani aliyeingia jeshini mwaka 1942 akamchora Joe Dope, askari mzembe, katika jarida la Army Motors. Mwaka 1951 Jeshi la Marekani lilianzisha jarida la matunzo la PS, naye akawa msanii wake mkuu hadi 1971. Katika kurasa zake askari wana pua nene na macho yaliyotoka, lakini skrubu iko mahali pake na vipimo vya kifaa havipindi. Wachoraji wetu wengi huteleza hapa. Tumelelewa na Chakubanga wa Christian Gregory katika gazeti la Uhuru, na Ndumilakuwili wa Philip Ndunguru katika jarida la Sani. Kutia chumvi kumo mkononi mwetu. Chumvi ikifika kwenye kabureta, somo limeharibika.

Baada ya mikono, pima kichekesho. Kikae juu ya kosa lenyewe. Katuni hafifu huweka utani kwenye ukurasa mmoja na maelekezo kwenye mwingine. Msomaji hucheka, kisha hufunga kijitabu. Tazama kijitabu cha bunduki ya M16A1 ambacho Eisner alilichorea jeshi mwaka 1968, wakati wa vita vya Vietnam. Mtutu wa milimita 5.56 ni mwembamba kiasi cha kushikilia maji ndani, na kufyatua risasi ukiwa na maji ni hatari. Askari anaelekezwa aelekeze mdomo wa bunduki chini, avute mkono wa kukokea kidogo ili hewa ipite na maji yatoke. Hilo ukilichora huhitaji aya nzima: bunduki, mkono, maji yanayodondoka.

Kijitabu hichohicho kina kasoro ninayoihesabu kubwa. Bunduki inazungumziwa kama mwanamke wa kubembelezwa, na mrembo aliyechorwa kando yake anavuta jicho kuliko chemba ya risasi. Najua wapo wanaosema mrembo huyo ndiye aliyewafanya vijana wasome. Huenda walisoma. Ila msomaji akimkumbuka mrembo na kusahau kukausha chemba, mchoraji amejifurahisha mwenyewe.

Kijitabu kikishapita macho yangu, kinakwenda kwa mafundi pikipiki hapa mtaani kwetu Mwembesongo, Morogoro. Mji una Shirika la Mzinga la jeshi, na askari si wageni kwetu, lakini silaha haziletwi kijiweni kufanyiwa majaribio. Pikipiki zinaletwa, nyingine zimetoka milimani na mzigo wa ndizi, cheni imelowa tope la Uluguru. Chukua ukurasa wa kukaza cheni. Mchoro hafifu unasema "kaza vizuri." Mchoro mzuri unaonyesha kidole kikisukuma cheni ya chini katikati ya spoketi mbili, nayo inacheza sentimita 2 hadi 3. Ulio bora zaidi unamwonyesha pia dereva akiwa amepanda na abiria nyuma, kwa sababu springi zikibonyea cheni hukazika zaidi. Aliyekaza hadi mwisho pikipiki ikiwa tupu ataikata mlimani au ataua beringi. Mpe fundi ukurasa huo bila kumweleza neno. Akiinuka kutafuta spana, kazi imefaulu. Akikuuliza "hapa anamaanisha nini?", mrudishie mchoraji.

Karatasi nayo ipimwe kwa mikono yenye grisi, na ukubwa uwe wa kuingia mfukoni.

Pima pia wingi wa masomo. Nchini Kenya, jarida la Shujaaz lilianza mwaka 2010 likiwalenga vijana, na kati ya masomo yake mashuhuri ni kupaka vifaranga rangi ili mwewe asiwanyakue. Somo hilo halihusu mashine, lakini lina sifa ya somo zuri la matunzo: tendo moja, sababu moja, na kitu cha kujaribu kesho asubuhi. Nalipenda zaidi kuliko vijitabu vya semina vyenye mambo kumi ukurasa mmoja.

Kipimo cha mwisho ni kigumu, na hata Eisner hakivuki salama: je, lawama imemwangukia anayestahili? Bunduki zile za M16 zilikwama Vietnam kwa sababu nyingi ambazo si uchafu wa askari. Baruti ilikuwa imebadilishwa, chemba za awali hazikuwa na kromu ya kuzuia kutu, na wengi walipelekwa vitani bila vifaa vya kutosha vya kusafishia, wengine wakiambiwa silaha hiyo haihitaji usafi mwingi. Kamati ndogo ya Bunge la Marekani ililichunguza suala hilo mwaka 1967. Mwaka uliofuata kijitabu kikatoka, kizuri kwa mchoro, lakini kikamwelekezea askari kidole.

Kwa hiyo nikifungua kijitabu kipya, cha jeshi au cha bodaboda, natafuta ukurasa wa vifaa: brashi ipi, mafuta yapi, kiasi gani, na nani anawajibika kuyatoa. Mchoraji akimcheka mzembe, amchore pia mtunza stoo aliyesinzia juu ya makopo ya mafuta. Kama ukurasa huo haumo, namwambia aliyeniletea kazi akirudishe kijitabu kwa mhariri kabla ya kukichapa.