Daktari Asiyeshika Kisu

Nimeisoma Cutting for Stone ya Abraham Verghese mara mbili. Mara ya kwanza kitandani, kwa raha zangu. Mara ya pili kwenye benchi la kliniki ya kisukari huku Temeke, nikiwa nimemsindikiza mzee wangu. Kitabu ni kilekile, ila safari hii kilinikera.

Kwa ambaye hajakisoma: ni riwaya ya mwaka 2009, na sehemu kubwa inatokea Addis Ababa, kwenye hospitali ya misheni iitwayo Missing. Msimulizi ni Marion, pacha wa Shiva, mtoto wa mtawa na daktari wa upasuaji. Naye anakuja kuwa daktari wa upasuaji. Chumba cha upasuaji kimeandikwa vizuri mno, hadi harufu ya damu unaisikia.

Sasa basi, Verghese mwenyewe si mtu wa upasuaji. Ni bingwa wa magonjwa ya ndani. Alizaliwa Addis Ababa, akaanza udaktari hukohuko, mapinduzi ya 1974 yakamkatiza masomo, akaja kumalizia Madras, India. Kwa nini mtu huyu amtukuze mwenye kisu? Tena riwayani yumo daktari wa magonjwa ya ndani, Ghosh, lakini baba wa mapacha anapotoroka, Ghosh naye anabidi ajifunze kupasua!

Nadhani jibu ni hili: upasuaji unakuja na hadithi yake tayari. Mlango unafungwa, mtu anapona au anakufa kabla ya magharibi. Presha, kisukari, figo zinazochoka taratibu, hadithi yake ni tarehe za kliniki tu. Mwandishi ataweka wapi kilele?

Benchi lile lilinionyesha kilele kilipo. Kwa miezi kadhaa mzee alikuwa akitibiwa hospitali nyingine, jina tuliache. Daktari anasoma cheti, anaongeza dozi ya insulini, uso hauinui. Sukari haishuki. Siku hii bingwa, bado kijana, akaanza na "Shikamoo baba," akasogeza kiti.

"Insulini unaiweka wapi nyumbani?"

"Kwenye friji, mwanangu."

"Friji inafanya kazi?"

Mzee akanyamaza. Kumbe friji ilishakufa siku nyingi. Dawa ilikuwa juu ya kabati, chini ya bati, kwa joto hili la Dar, na sisi watoto wake hatukujua. Aliona aibu kutuomba. Daktari hakuongeza dozi. Aliandika chupa mpya, akaeleza namna ya kuihifadhi kwenye chungu kilichozungushiwa mchanga uliolowa, kivulini, mpaka friji ipatikane.

Mtu anasoma udaktari miaka mitano, anafanya mwaka wa mafunzo kwa vitendo, anarudi Muhimbili miaka mitatu ya ubingwa, na siku ya siku kazi yenyewe ni kuuliza habari za friji na kusubiri mtu amalize kunyamaza. Ni upelelezi kabisa, ila anayefichuliwa si mhalifu. Mimi ndiye niliyefichuliwa, kusema kweli.

Nimtendee haki Verghese. Kurasa ninazozipenda kuliko zote ni zile ambazo Ghosh anamfundisha Marion kushika mapigo ya mshipa, kuusoma mwili kwa vidole. Na kabla ya riwaya hii aliandika My Own Country (1994), kumbukumbu za kutibu UKIMWI katika mji mdogo wa Johnson City, Tennessee, enzi ambazo dawa ya maana haikuwepo. Daktari anabaki na kusikiliza na kumfuata mgonjwa kwake. Kiweke karibu na Ua la Faraja ya William Mkufya (2004), riwaya yetu ya UKIMWI: neno faraja liko pale kwenye jalada. Kwangu mimi My Own Country ndicho kitabu kikubwa zaidi, ingawa kinasifiwa kidogo. Anza nacho.

Ila bado nasubiri riwaya ya Kiswahili ya kliniki ya kisukari, Mbagala au Mwananyamala, yenye foleni, dirisha la dawa na ukimya wa wazee. Anayeiandika anitumie.

Mzee aliniuliza kitabu kinahusu nini. Nikamwambia madaktari. "Yumo aliyeuliza habari za friji?" Nikasema hapana. Akageukia dirishani, daladala ikaondoka.