Mzigo na Mwenye Mzigo: Uhakiki wa Programu Huria za Uchoraji kwa Jicho la Njia ya Misafara ya Unyamwezi

1.0 Utangulizi

Makala haya yanahakiki dai linalorudiwa mara kwa mara katika mijadala ya teknolojia, kwamba programu ambayo msimbo wake uko wazi huwa mali ya kila mtu kwa usawa. Programu inayochunguzwa ni Krita, programu huria ya kuchora na kupaka rangi kwa kompyuta. Dai hilo linapimwa kwa vigezo viwili vinavyotokana na historia ya Tabora na ya njia ya kale ya misafara kati ya Bagamoyo na Ujiji: mapokeo ya picha za ukutani ya Unyamwezi na Usukuma, na kazi ya wapagazi. Hoja kuu ni kwamba uwazi wa leseni ni hatua ya kwanza tu. Mchoraji anayefikiri kwa Kiswahili hatakuwa mmiliki kamili wa chombo hicho hadi lugha yake itakapoingia katika muundo wa programu yenyewe, na kazi ya kuiingiza ni sehemu ya ujenzi wa programu.

2.0 Krita na maana ya neno huria

Krita ilianza mwaka 1999 ndani ya mradi wa KDE, ikiwa na jina jingine na lengo la jumla la kuhariri picha. Mwaka 2009 watengenezaji wake waliamua kuielekeza kwa wachoraji: watu wanaoanza na turubai tupu, wanaohitaji brashi nyingi na rangi zinazochanganyika. Baadaye iliundwa taasisi nchini Uholanzi ili kukusanya michango na kuwalipa baadhi ya watengenezaji. Programu hutolewa kwa leseni ya GPL, inayompa mtumiaji uhuru wa kuitumia kwa shughuli yoyote, kusoma msimbo chanzo, kuubadili, na kusambaza nakala, ziwe zimebadilishwa au la. Picha anazochora mtu kwa programu hiyo hubaki zake.

Hapa pana jambo ambalo wasomaji wengi hulipita haraka. Huria si sawa na bure. Krita hupakuliwa bila malipo katika tovuti yake, lakini pia huuzwa katika baadhi ya maduka ya mtandaoni, na mapato husaidia kuiendeleza. Tofauti yake na programu inayolipiwa kwa mwezi haimo katika bei peke yake. Malipo yanapokatika, programu ya kukodi humfungia mtumiaji mlango. Programu huria haina mlango wa namna hiyo, na kwa mchoraji wa Tabora asiye na kipato cha uhakika, tofauti hiyo inagusa uwezo wa kuendelea na kazi yake mwenyewe.

3.0 Picha za Bayeye: chanzo kilichofungwa

Si kweli kwamba uchoraji ni jambo geni katika magharibi ya Tanzania. Mwaka 1953 Hans Cory, aliyekuwa mtaalamu wa jamii katika serikali ya kikoloni ya Tanganyika, alichapisha jijini London kitabu kuhusu picha za ukutani za chama cha wacheza nyoka. Chama hicho, Buyeye, kilikuwa na wanachama miongoni mwa Wasukuma na Wanyamwezi, na picha zake zilichorwa ndani ya nyumba zilizotumiwa kwa shughuli za chama. Zilifundisha. Aliyeingia chamani alizisoma kwa msaada wa waliomtangulia, naye asiyeingia aliona maumbo tu.

Picha hizo zinautia dosari usawa ambao wapenzi wa programu huria hupenda kuuchora baina ya sanaa ya jadi na chanzo huria. Buyeye ilikuwa jumuiya ya kushirikiana, ilirithisha maarifa bila kuyauza sokoni, na kazi zake hazikuhitaji saini ya mtu mmoja. Hata hivyo haikuwa wazi. Mlango wake ulikuwa mafunzo, viapo na ufahamu wa ishara. Ushirikiano na uwazi ni mambo mawili tofauti, na uhakiki unaoyachanganya huishia kuipamba jadi badala ya kuielewa.

Upande wa pili wa mfano huo ni mgumu zaidi. Siri ya picha ilipofunguliwa kwa wasomaji wa London, jina lililokaa kwenye jalada la kitabu lilikuwa la Cory. Kufungua kitu hakumaanishi kwamba faida ya kukifungua itamrudia aliyekitengeneza. Kwa kipimo hiki leseni ya GPL ina ubora wa wazi: humlazimu anayesambaza programu kuhifadhi taarifa za hakimiliki za waliotangulia na kuwapa wanaofuata uhuru uleule alioupata. Lakini Krita nayo ina ishara zake. Msimbo wake umeandikwa kwa lugha ya C++, na maelezo ya msimbo, mijadala ya watengenezaji na taarifa za kasoro huandikwa kwa Kiingereza. Kijana aliyesoma shule ya msingi kwa Kiswahili anaruhusiwa na sheria kuingia, ilhali picha za ukutani humo bado hazisomeki kwake.

4.0 Mpagazi, mzigo na hongo

Katika karne ya 19 Unyanyembe ilikuwa njia panda ya Afrika ya Mashariki. Burton na Speke walipofika Kazeh, Novemba 1857, walikuta makazi ya wafanyabiashara yaliyokwisha kuota mizizi. Kutoka hapo njia zilikwenda Ujiji upande wa magharibi, na kaskazini kuelekea Karagwe na Buganda. Pembe za ndovu na watumwa walipelekwa pwani. Vitambaa, shanga na bunduki vilipandishwa bara. Wapagazi wa Kinyamwezi ndio walioiwezesha biashara hiyo. Stephen Rockel, katika utafiti wake uliochapishwa mwaka 2006, anawaonyesha kuwa wafanyakazi wa ujira wenye desturi zao, viongozi wao na uwezo wa kugoma. Kirangozi alitangulia msafara, na mpagazi aliyezidishiwa mzigo aliweza kuutua na kuondoka.

Mfano huu unaifaa mada kwa sababu unatenganisha mambo matatu: ustadi, njia na mzigo. Mpagazi alikuwa na ustadi, na aliijua njia kuliko aliyemwajiri. Mzigo haukuwa wake. Faida kubwa ya pembe aliyoibeba ilipatikana Zanzibar na ng'ambo. Katika programu za kukodi mchoraji wa leo yumo katika hali inayokaribiana na hiyo: ana ustadi, lakini chombo na masharti yake ni vya mwingine. Programu huria inabadili jambo la tatu. Anayeongeza brashi, anayerekebisha kasoro au anayetafsiri kidirisha hubeba mzigo ambao baada ya safari unabaki wake pia.

Hata hivyo njia bado ina ushuru. Misafara ililipa hongo kwa watemi ambao nchi zao zilipitiwa, na wakati huo neno hilo lilikuwa na maana ya malipo ya njia kabla halijaegemea maana ya rushwa. Katika ujenzi wa programu huria hongo hiyo ni Kiingereza. Hailipwi kwa vitambaa. Hulipwa kwa miaka ya shule. Msemaji wa Kiingereza hupita bila kulipa, na hili ndilo jambo ambalo dai la usawa hulifumbia macho.

5.0 Tafsiri kama ujenzi: tatizo la ngeli

Jibu la kawaida ni kutafsiri, na jambo hilo limewahi kufanyika. Mwaka 2004 mradi wa Kilinux, uliowakutanisha Chuo Kikuu cha Dar es Salaam na kampuni ya Kiswidi ya IT+46, ulitoa Jambo OpenOffice, programu ya ofisi kwa Kiswahili. Ulithibitisha kwamba Kiswahili kinaweza kubeba lugha ya kompyuta. Lakini programu haitulii. Mwaka 2010 jumuiya ya OpenOffice iligawanyika na LibreOffice ikazaliwa. Kila toleo huleta matini mpya, na tafsiri isiyokuwa na watu wa kuitunza huachwa kando ya njia. Thamani ya tafsiri hupimwa kwa matunzo kuliko kwa siku ya uzinduzi.

Tatizo la ndani zaidi ni la kisarufi. Katika programu nyingi maneno ya kiolesura huhifadhiwa kama vipande vilivyotengwa. Kipande kimoja chenye maana ya kitu kipya kinaweza kutumika kwa brashi, kwa kielelezo na kwa tabaka. Kiingereza hakina shida hapo. Kiswahili kinadai upatanisho: brashi mpya, kielelezo kipya, tabaka jipya. Ndivyo ilivyo pia kwa ujumbe wenye nafasi wazi ambamo programu hujaza jina la kitu kilichofutwa. Mfasiri hawezi kujua aandike imefutwa, kimefutwa au limefutwa, kwa kuwa nomino itakuja baadaye.

Njia mbili zipo. Ya kwanza ni kuiunda upya sentensi ili kitenzi kimwelekee mtumiaji: Umefuta, kisha nukta mbili, kisha jina la kitu. Hapo ngeli ya kitu haihitajiki tena. Ya pili ni kurudi kwenye msimbo. Mfumo wa tafsiri wa KDE huruhusu kila kipande kuambatanishwa na maelezo ya muktadha, hivyo neno moja la Kiingereza likagawanywa kuwa maingizo kadhaa. Mfasiri anayeomba mgawanyo huo, au anayeufanya mwenyewe, amegusa msimbo chanzo. Mabadiliko yake yatawafaa pia wasemaji wa Kizulu, Kiganda na lugha nyingine za Kibantu zenye ngeli. Hapa ndipo mgawanyo wa mazoea kati ya mtengenezaji na mfasiri unapokosa mashiko.

6.0 Istilahi: tabaka na rangi

Uteuzi wa istilahi nao si kazi ya kamusi tupu. Mwalimu Nyerere, aliyesoma katika Shule ya Serikali ya Tabora kuanzia mwaka 1937, alipoitafsiri tamthiliya ya Shakespeare kuhusu mfanyabiashara wa Venisi na kuichapisha mwaka 1969, aliiita Mabepari wa Venisi. Neno bepari lilikuwa uamuzi wa kifikra, na wahakiki wamelijadili hivyo.

Mfasiri wa Krita anakabiliwa na uamuzi wa namna hiyo. Wazo la msingi la programu hiyo ni kwamba picha hujengwa kwa ngazi zinazolazwa moja juu ya nyingine, kila moja ikiweza kufichwa au kufutwa peke yake. Tabaka ndilo neno linalojitokeza kwanza. Lakini katika uhakiki wa fasihi ya Kiswahili tabaka limebeba mzigo wa siasa tangu enzi ya Azimio la Arusha, na amri ya kufuta tabaka la chini inaweza kumfanya msomaji atabasamu mahali asipotakiwa. Rusu lipo, lina maana ya vitu vilivyopangwa kimoja juu ya kingine, na halina mzigo huo. Udhaifu wake ni kwamba halisikiki sana mitaani. Makala haya yanaona rusu linafaa zaidi, kwa kuwa programu inayotumiwa kila siku hulifanya neno adimu kuwa la kawaida.

Kuhusu rangi, Kiswahili kina vivumishi vitatu tu vinavyopokea upatanisho: -eupe, -eusi na -ekundu. Rangi nyingine hutajwa kwa vitu: kijani kwa majani, kahawia kwa kahawa, kijivu kwa jivu, na hata maji ya kunde na damu ya mzee. Kompyuta hutaja rangi kwa namba za nyekundu, kijani na buluu. Krita humwezesha mtumiaji kuhifadhi paleti yenye rangi zilizopewa majina na kuwagawia wengine faili lake. Kwa hiyo mchoraji asiyejua C++ anaweza kuchangia paleti ya asali ya Tabora, vumbi la kiangazi na gome la mninga, kila rangi ikiwa na jina lake la Kiswahili na namba zake. Mchango huo ni mdogo, lakini huingiza katika programu namna ya Waswahili ya kuona rangi, kwa kulinganisha na vitu vinavyojulikana.

7.0 Hitimisho

Uhakiki huu umeonyesha kwamba leseni huria inatatua tatizo la umiliki wa mzigo ambalo wapagazi wa Unyamwezi hawakuwa na njia ya kulitatua. Haijatatua tatizo la njia. Buyeye inakumbusha kwamba jumuiya inaweza kushirikiana huku mlango wake ukiwa mwembamba, na kitabu cha Cory kinakumbusha kwamba kufungua mlango hakutoshi kumheshimu aliyechora.

Inapendekezwa kwamba idara za Kiswahili vyuoni zihesabu tafsiri ya programu huria, pamoja na maombi ya muktadha yanayopelekwa kwa watengenezaji, kuwa kazi ya kitaaluma inayoweza kutahiniwa, badala ya kuiachia hiari ya wachache. Inapendekezwa pia kwamba istilahi za uchoraji ziteuliwe pamoja na wachoraji wenyewe, na si katika vikao vya wanaisimu pekee. Mwanafunzi wa sanaa atakayefungua programu akakuta rusu jipya, brashi mpya na kielelezo kipya vikipatana ipasavyo hatatambua kazi iliyofanyika, na kwa kazi ya namna hii kutotambuliwa ni dalili ya kufaulu.